Marahaba ya Basi Zima

Newala,
4 Machi 1975

Kwa Meneja mpya wa Mabasi, Masasi.

Mwanangu Silvano,

Mimi ndiye niliyelileta basi la kwanza Newala. Muulize mtu yeyote huku juu.

Haya, usiulize. Watakwambia lilikuja lenyewe, likanasa mchangani, na mimi nilikuwa mmoja wa vijana walioitwa kulisukuma. Lakini nilisukuma pale nyuma kabisa, penye moshi, na mpaka leo nikikohoa nalikumbuka.

Jina langu Danieli Chinguile. Shule niliishia darasa la pili pale misheni. Sikushindwa, mwalimu ndiye alinichoka. Kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iache ilale.

Nimesikia umehamishwa kutoka Songea. Mngoni! Mtani wangu! Babu zako walikuja huku na ngao wakatumalizia kuku, na sasa Serikali imekuleta wewe uje utumalizie na mabasi. Karibu. Safari hii tumeficha kuku.

Sasa sikiliza. Basi lako la Jumanne linatoka hapa alfajiri, linapita Masasi, linafika Ndanda. Kondakta wako Dastani anapakia gunia la korosho kwanza, mtu baadaye. Namwelewa. Gunia halisemi, halitapiki, wala halidai chenji. Nauli nayo inategemea Dastani ameamkaje. Akiwa amegombana na mkewe, tunalipa sisi. Na barabara imechimbwa na malori hata basi linakwenda kama kuku mwenye mayai.

Mke wangu Mama Emilia ana kidonda mguuni, kinataka kusafishwa Ndanda kila Jumanne asubuhi. Basi linafika jua la utosi, wauguzi wa vidonda wamekwisha maliza kazi yao, naye anarudi na bandeji ile ile aliyokwenda nayo. Amechoka. Ametoa sanduku chini ya kitanda, anasema mambo yakiendelea hivi atahamia Ndanda kwa mdogo wake Sophia, akae huko huko karibu na hospitali.

Mimi sijali. Shida yangu ni mtu wa kunipikia tu. Lakini fanya haraka.

Mtani wako,
Danieli Chinguile


Shirika la Mabasi ya Wilaya,
Masasi,
14 Machi 1975

Ndugu Danieli Chinguile,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BASI LA NEWALA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua yako imepokelewa.

Kwanza, naomba kusahihisha. Mimi si Mngoni. Ni Mfipa wa Sumbawanga, na Songea nilifanya kazi tu. Babu yangu alikuwa mfua chuma, hakuwahi kufika huku, wala hakula kuku wa mtu.

Pili, nimeletwa hapa ili kulipanga upya Shirika hili, ambalo lina mabasi matatu na hasara. Suala la magunia litachunguzwa. Suala la barabara litachunguzwa. Suala la nauli litachunguzwa.

Nampa pole mgonjwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
S. Sikazwe
Meneja


Newala,
23 Machi 1975

Mwanangu Meneja,

Mfipa! Basi yale matusi ya Wangoni nirudishie, yatie kwenye bahasha, nitayapeleka kwa wenyewe. Mimi si mtu wa kupoteza matusi mazuri. Nilimsomea mke wangu jibu lako, akacheka mpaka akashika mguu. Akasema, “Umemtukana mtoto wa watu asiyekuwa mtani wako. Huko kwao hilo ni kesi.” Nisamehe, au nishtaki. Mahakama iko Masasi, na basi la kunileta ndilo hilo lako.

Na huyo “Ndugu” ni nani? Mama yangu alizaa watatu, wewe sikukuona pale. Najua, siku hizi sote ni ndugu, hata Katibu Tarafa ananiita hivyo. Lakini yeye huniita ndugu akitaka nikalime shamba la kijiji.

Umesema utachunguza mara tatu. Utachunguza ukiwa umekaa wapi? Panda basi, baba. Usije na tai wala na mkoba, maana basi likimwona meneja linajifanya basi. Vaa kaptura. Kaa nyuma na kuku. Kisha uniambie.

Mama Emilia ametia kanga mbili sandukuni. Zile nzuri.

Danieli
(tajiri wa zamani wa basi la kwanza)


Masasi,
9 Aprili 1975

Ndugu Danieli,

Nilipanda jana. Nilivaa kaptura. Nilikaa nyuma, na kuku walikuwepo.

Magunia niliyaona. Yamekalia viti vya watu waliobaki barabarani na nauli zao mkononi, na malipo ya magunia hayo hayafiki ofisini. Ndiyo hasara yenyewe. Sasa basi litabeba watu na mizigo yao ya mkononi tu. Nauli itakuwa moja kwa kila mtu, nayo itakuwa chini ya ile ya sasa, kwa sababu viti vyote vitalipa. Tiketi itakatwa dirishani, kituoni, kabla basi halijafika. Dastani nimemtoa mlangoni nikamweka dirishani hapo Newala, mbele ya macho ya watu. Basi halitasimama kila anapopunga mtu mkono. Litasimama vituoni.

Kuhusu mchanga, nimekubaliana na vijiji. Kando ya barabara, pale panapochimbika, watafyeka njia ya pili na kuitandika nyasi na matawi. Ni ya basi peke yake. Lori likipita humo litasimamishwa.

Lakini kilichonishangaza si gunia wala mchanga. Ni salamu. Kila anayepanda husimama mlangoni, huwaamkia wazee wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na kila mzee huitikia, kisha huulizwa habari za nyumbani, za mguu, za mbuzi. Walio nyuma yake wanasubiri chini. Akimaliza anapanda wa pili, anaanza upya. Basi hupoteza muda mwingi mlangoni kuliko mchangani.

Kwa hiyo nimebandika tangazo ndani ya kila basi: HAKUNA KUAMKIANA MLANGONI. ABIRIA APANDE, AKAE. Litaanza Jumanne ijayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
S. Sikazwe


Newala,
20 Aprili 1975

Meneja,

Umetujengea basi njia yake peke yake kama mke mkubwa aliyejengewa nyumba. Hiyo tumeipenda. Nauli tumeipenda zaidi. Watu ambao hawajapanda basi tangu Uhuru wameanza kuulizana bei ya dirishani, na Dastani anakata tiketi huku amenuna kama mtu anayenyonyolewa.

Lakini lile tangazo!

Jumanne mwalimu mmoja kijana, mgeni wa huku, alisoma, akatii. Akapanda kimya, akapita mbele ya Mzee Cuthbert, akakaa. Mzee Cuthbert akauliza kwa sauti, “Huyu kazaliwa na nani?” Mwalimu akaonyesha karatasi ukutani. Mzee akasema, “Karatasi ndiyo iliyokuzaa?”

Akapanda wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Pale Bibi Leonia akainuka na kikapu chake. Dereva akamwambia, “Bibi, kaa, tunaondoka.” Akajibu, “Sipandi gari la maiti. Maiti ndio wasioamkiwa.” Akashuka. Nao wazee wote wakashuka nyuma yake, na ukijua magoti ya watu wale utajua walichukua muda gani. Dereva akazima injini, akawaomba radhi mmoja mmoja. Na ili kuwaomba radhi ilibidi kwanza awaamkie.

Walifika Ndanda saa nane.

Bandeji ni ile ile. Jana mke wangu ametia sandukuni kioo chake na Kitabu cha Sala. Mwanamke akitia kanga anatishia tu. Akitia kioo, anaondoka.

Mimi sijali, nimekwisha kukwambia. Ila ugali wangu mwenyewe nimeujaribu jana. Mbwa aliunusa akanitazama.

Danieli Chinguile


Masasi,
2 Mei 1975

Ndugu Danieli,

Barua hii haina kumbukumbu namba. Naandikia nyumbani.

Tangazo nimelibandua. Lakini Jumanne ya tarehe 10 Juni bodi yetu inakuja kutoka Mtwara kupanda basi la Newala. Mmoja wao anasema barabara ya kwenu iachwe, mabasi yapelekwe kwenye lami, kwa kuwa basi la Newala halijapata kufika Ndanda asubuhi. Wengine wanamsikiliza. Kama siku hiyo likichelewa, sitakuwa na la kuwajibu, na njia yenu itafungwa.

Magunia nimeyaweza. Mchanga nimeuweza. Mlango sijauweza. Nilifundishwa namna ya kupunguza muda wa kupanda, sikufundishwa namna ya kupunguza heshima, na sasa naona haipungui.

Watu siku hizi wanafika kituoni mapema kukata tiketi. Wanakaa pale bure wakingoja. Je, salamu haziwezi kumalizwa hapo, kabla basi halijasimama? Nimemuuliza dereva, akasema wazee wengine wanakuwa wamekwisha panda huko nyuma basi linakolala, kwa hiyo hawapo kituoni kuamkiwa. Ndipo nimekwama. Wewe unawafahamu. Nisaidie kufikiri.

Silvano


Newala,
11 Mei 1975

Mwanangu,

Barua yako ya nyumbani imenifurahisha kuliko zile za Taifa. Nimekaa nayo siku nzima nikijifanya nafikiri.

Jibu limetoka jikoni. Nilikuwa namlalamikia mke wangu kwamba mzee mmoja hawezi kuwa pahali pawili. Akasema bila kugeuka, “Mbona kwenye mahari mnatumana? Mshenga anapokea matusi ya ukoo mzima na hafi. Salamu ndiyo itamshinda mtu kuibeba?”

Nikashika fimbo, nikatoka.

Nilianza kwa Mzee Cuthbert. Nikamwambia, “Baba, mimi nitakaa kituoni. Mtu akija, ananiamkia mimi kwa niaba yenu nyote mlio garini. Naitikia marahaba moja ya basi zima. Basi likija, wanapanda na heshima yao imekwisha lipwa.”

Akasema, “Marahaba yangu haiazimwi. Hasa na wewe.”

“Kwa nini hasa na mimi?”

“Wewe ulikula ming'oko yangu, ukasema ni nguruwe ndiye aliyeila.”

Kweli nilikula ming'oko yake, vile viazi vya porini, lakini ilikuwa zamani, na nguruwe naye alikula mingine. Tukabishana mpaka mkewe akaleta ulaka, ile pombe ya mabibo, ya msimu uliopita. Kikombe cha pili akauliza, “Na habari za mbuzi wangu nani ataulizwa?” Nikasema mimi. “Utazijua?” Nikasema atanipa habari zake jioni ya Jumatatu, nilale nazo. Hapo akalegea. Bibi Leonia hakutaka ubishi. Alisema tu, “Ukiitikia kwa sauti ndogo nitashuka tena.”

Kwa hiyo Jumatatu jioni napita nyumba kwa nyumba nakusanya marahaba na habari, na Jumanne alfajiri niko kituoni. Vituo vya chini kila kimoja kimepata mzee wake. Jumanne mbili zijazo tutajaribu.

Usimwambie Mama Emilia kwamba nakuomba kwa ajili ya mguu wake. Anadhani naandika habari za siasa.

Danieli


Newala,
12 Juni 1975

Kwa mwanangu Silvano Sikazwe,

Salaam katika jina la Bwana. Mimi ni Ethel, Mama Emilia. Naandika mimi kwa sababu mwenzangu hana sauti, na asipokuwa na sauti anadhani hata kalamu haitaandika. Amefungwa kitambaa shingoni, anakunywa maji ya moto na asali, ananionyesha kwa vidole nikuambie hivi na hivi. Nitakuambia nitakavyo.

Anadhani sijui anakuandikia habari zangu. Newala nzima inajua. Anapoandika hutamka kila neno.

Na alikudanganya. Ati hajali, ati shida yake ni mpishi. Huo mguu, siku zote sita ambazo si Jumanne, yeye ndiye anayeuosha. Maji hapa kwetu ni ya shida, wewe mwenyewe unajua. Ananiachia mimi ya kunywa na kidonda, yeye ananawa uso kwa umande. Alipoona natia kioo sandukuni alitoka nje akapasua kuni zote, na nyingine zilikuwa za jirani.

Jumanne hii nilikwenda kituoni na sanduku. Nilikuwa nimemwambia Sophia anitandikie. Niliamua, likichelewa leo, sirudi. Mwenzangu alilibeba yeye sanduku, akaliweka chini, akakaa juu yake kuamkiwa. Ndiyo maana wageni wenu wa bodi walimwona mzee mmoja amekaa juu ya sanduku la mwanamke, anaitikia kama kwaya.

Watu walikuwa wengi kwa sababu ya nauli mpya. Shikamoo. Marahaba, marahaba ya basi zima, mguu wa Bibi Leonia haujambo, mbuzi wa Cuthbert amezaa pacha. Mwingine. Shikamoo. Marahaba, pacha wote wazima. Basi lilipokuja watu walipanda kimya, si kimya kile cha maiti, ni kimya cha waliokwisha shiba. Dereva hakuzima hata injini. Mimi nilipanda mwisho. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Akanipa sanduku dirishani, akafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Mwanangu, tulifika Ndanda jua bado halijakausha nyasi. Muuguzi aliniosha, akanisifu mguu, akaniuliza nani anaushughulikia nyumbani. Nikamwambia ni mume wangu. Hakuamini.

Nilikwenda kwa Sophia, nikanywa chai. Kitanda alikuwa ametandika. Saa ya basi kurudi nilimwomba anisaidie kulibeba sanduku mpaka kituoni. Alilalamika njia nzima.

Nilipofika Newala, mwenzangu alikuwa pale pale nilipomwacha, kituoni. Alilichukua sanduku, akalitikisa kusikia kama kioo kimo.

Ethel, Mama Emilia


Masasi,
18 Juni 1975

Shikamoo Mama,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nakushukuru, na naomba unifikishie kwa mzee karatasi hii niliyoambatisha. Ni ya kiofisi, kwa sababu lazima ikae kwenye faili, lakini nataka aisikie kwako.

Mwanao,
Silvano

(Kiambatisho)

Ndugu Danieli Chinguile,

YAH: BASI LA NEWALA

Bodi imeamua kwamba njia ya Newala iendelee. Nauli ya dirishani iendelee. Njia ya nyasi ya basi itunzwe na vijiji, na Shirika litatoa mapanga. Tena bodi imeagiza basi la Tandahimba nalo lianze kuendeshwa kwa mtindo huu.

Mjumbe aliyetaka njia ifungwe aliuliza yule mzee kituoni ana cheo gani. Niliandika kwenye taarifa: Mpokea Salamu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
S. Sikazwe
Meneja


Newala,
29 Juni 1975

Mwanangu Silvano,

Sauti imerudi. Mama Emilia anasema alikuwa ameanza kuizoea amani.

Mambo ni mengi huku. Wiki hii wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma wamepata uhuru wao, na ngoma tulizisikia mpaka huku ukingoni. Jirani yangu Gabriel, aliyekimbia mabomu na watoto mgongoni, sasa anafunga mizigo arudi kwao Mueda. Jumanne amekuja kituoni kuniaga. Nikamwambia huko kwenu mkianzisha mabasi, msisahau kumwajiri mzee. Akasema wazee wanao tele, kilichobaki ni mabasi ya kulalamikia. Huo ndio uhuru wa kweli, kupata pa kulalamikia.

Dastani sasa anacheka pale dirishani. Mzee Cuthbert amenyang'anya kazi yangu Jumanne iliyopita, ati sauti yangu ibaki ya akiba. Aliitikia vizuri, ila habari za mbuzi wake zilichukua nafasi ya habari za watu wengine wote. Mguu wa mke wangu umeanza kufunga pembeni, nyama mpya, nyekundu kama jongoo mchanga. Nimemwambia hivyo, akanirushia mwiko. Sanduku nimelitia mbegu za mahindi, na nimeliwekea jiwe juu. La kuzuia panya.

Sasa tuje kwenye deni langu.

Nimechukua barua zako zote nikazipanga juu ya meza. “Ndugu Danieli.” “Ndugu Danieli.” “Husika na kichwa.” Siku ile ya bodi ulipita mbele yangu dirishani, umevaa tai, ukanipungia mkono, kwa kuwa tulikwisha kubaliana hakuna kuamkiana garini. Nimeitikia wakulima, masista, mwalimu yule wa kimya, wajumbe wa Mtwara, hata mlevi mmoja aliyeamkia lile sanduku. Mke wangu ukamwandikia “Shikamoo Mama,” kwa herufi nzuri kabisa. Ameikata, ameibandika ukutani juu ya kitanda, upande wangu.

Mimi sijapata hata moja.

Cheo sitaki, hata benchi la kukalia kituoni sitaki. Nakudai shikamoo moja, Mfipa wee. Usiiandike, ya karatasi nitaisoma vibaya. Jumanne Mama Emilia akipita Masasi atashusha kioo cha dirisha. Njoo umpe hapo hapo, uitamke vizuri, na umwambie ni ya Danieli peke yake, si ya basi zima. Ataniletea jioni. Hana mzigo mwingine wa kubeba siku hizi.

Nitakuwa kituoni nangoja kuiitikia.

Danieli Chinguile,
Baba Emilia